Kabla ya Kura ya Kuungana, Vitabu Viwekwe Mezani

Hotuba hii niliitoa jijini Dodoma mbele ya wanachama, wajumbe wa bodi na mameneja wa vyama vya akiba na mikopo (SACCOS) waliokutana kujadili kuunganisha vyama vyao. Wanachama wengi wa Mpwapwa, Kondoa na Bahi hawakuweza kufika na wakaomba waisome yote. Naiweka hapa kama nilivyoisema.

Ndugu Mwenyekiti wa mkutano, ndugu wajumbe wa bodi na wa kamati za usimamizi, ndugu mameneja, na zaidi ya wote ninyi wanachama ambao fedha zenu ndizo zilizotukutanisha hapa, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie mambo mawili ambayo siku hizi yanakwenda pamoja. Moja ni SACCOS ndogo kuungana na kuwa moja kubwa. La pili ni usimamizi wa vyama hivi kuhama kutoka kwenye mazoea ya mkoa, ambako afisa alijulikana kwa jina na kwa sura, kwenda kwenye leseni na kanuni za kitaifa. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nimeifanya katika ushirika wa mkoa huu, kwa hiyo nitasema ninachokiamini bila kuzunguka. Naamini kwamba kuungana kunaweza kuviokoa vyama vingi vya hapa katikati ya nchi. Naamini vilevile kwamba hakuna mwanachama anayepaswa kuombwa anyooshe mkono kukubali muungano kabla hajaona vitabu vya chama anachounganishwa nacho.

Nianze na usimamizi, kwa kuwa huko ndiko hofu ilikojaa.

Wengi wenu mnakumbuka kwamba zamani chama kikishaandikishwa, kikapata hati yake ikaning'inizwa ukutani, basi kilihesabiwa kuwa kamili. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 ndiyo iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma. Ikafuata Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika mwaka 2019, na ambayo iliwagawa watoaji wa huduma hizo katika madaraja manne. SACCOS ziliwekwa katika daraja la tatu. Vikundi vya kijamii, ambavyo watu wengi huviita VICOBA, viliwekwa daraja la nne. Mamlaka ya usimamizi yalipewa Benki Kuu ya Tanzania, nayo ikakasimu usimamizi wa SACCOS kwa Tume, na ule wa vikundi ikaukasimu kwa halmashauri.

Maana yake kwa mwanachama ni nini? Ni kwamba kuandikishwa na kupewa leseni ni mambo mawili tofauti. Kuandikishwa kunakipa chama uhai wa kisheria, na leseni inakipa ruhusa ya kushika akiba za watu na kuzikopesha. Chama kinaweza kuwa na hati ya usajili iliyozeeka ukutani na bado kisiwe na haki ya kukopesha hata shilingi moja. Ninawaomba mkirudi nyumbani, jambo la kwanza mkaulize ni hilo: chama chetu kina leseni, na inakwisha lini?

Kwa nini mambo yalipandishwa hadi ngazi ya taifa? Nitawasimulia habari ya mkulima mmoja wa alizeti wa upande wa Kongwa, ambaye jina lake sitalitaja. Aliuza mavuno yake, akapeleka fedha zote kwenye chama cha kijijini kwake, kwa sababu alikuwa amefundishwa kwamba kuweka fedha chini ya godoro ni ushamba. Januari ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha, palizi lilihitaji vibarua, na mtoto alikuwa amepangiwa shule ya bweni. Akaenda kwenye chama na daftari lake la akiba, daftari lenye mihuri yote, akaambiwa asubiri. Akarudi wiki iliyofuata, akaambiwa asubiri. Alisubiri mpaka shule zikafunguliwa na mtoto akachelewa kuripoti.

Watu walisema fedha zimeibwa. Hazikuwa zimeibwa. Zilikuwa kwenye mikopo iliyotolewa kwa wakulima wenzake, na hao hawakuwa na cha kurejesha kabla ya mavuno, wakati wenye akiba wote walizihitaji fedha zao katika mwezi uleule. Hakuna aliyekuwa amepima ni kiasi gani cha akiba kinapaswa kubaki taslimu au benki kwa ajili ya siku kama hiyo. Hakuna aliyekuwa na wajibu wa kumuuliza meneja swali hilo kila mwezi. Afisa wa ushirika alikuwapo, lakini afisa huyohuyo leo alikuwa anakagua mizani ya chama cha mazao, kesho anasuluhisha mgogoro wa wafugaji, na keshokutwa ndipo apate nafasi ya kufungua daftari la mikopo la SACCOS. Simlaumu hata kidogo. Kusimamia chama kinachouza ufuta ni kazi moja, na kusimamia chama kinachoshika akiba za watu ni kazi nyingine kabisa. Kanuni za kitaifa zinazodai kiwango cha ukwasi, yaani fedha iliyo tayari kutolewa, kiwango cha mtaji na taarifa za mara kwa mara zimekuja kwa ajili ya mkulima yule na wenzake.

Haya si ya kwetu peke yetu. Wakenya walitunga sheria ya SACCOS mwaka 2008 na kuunda mamlaka maalumu ya kuzisimamia, inayoitwa SASRA. Lakini nchi ambayo habari zake zinafaa zaidi kwa mjadala wa leo ni Kanada. Kule vyama vya akiba na mikopo vilizaliwa chini ya sheria za majimbo, na kila jimbo lilikuwa na msimamizi wake na utaratibu wake wa kulinda amana. Katika jimbo la New Brunswick, wazungumzaji wa Kifaransa walianzisha chama chao cha kwanza mwaka 1916 katika mji mdogo wa Petit-Rocher, na vikaota vingine vingi kando ya pwani yao. Miaka 100 baadaye, vyama hivyo vilikuwa vimeungana kuwa chama kimoja kiitwacho UNI, na tarehe 1 Julai 2016 chama hicho kikawa cha kwanza nchini humo kutoka chini ya jimbo na kuingia chini ya msimamizi wa taifa, yaani yule anayezisimamia benki kubwa. Tarehe 1 Novemba 2018 kikafuata Coast Capital cha British Columbia, chama ambacho chenyewe kilitokana na muungano wa vyama vya Richmond na Victoria mwaka 2000, kisha cha Surrey. Mwaka 2023 kikafuata Innovation cha Saskatchewan.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo wasimulizi wengi huiruka. Katika British Columbia, amana ya mwanachama ililindwa na mfuko wa jimbo bila kikomo. Chama kinapohamia kwenye usimamizi wa taifa, mwanachama anaingia kwenye bima ya amana ya taifa, ambayo kikomo chake ni dola 100,000 za Kanada kwa kila aina ya amana. Kwa mwenye akiba ndogo hilo halibadilishi kitu. Kwa mtu aliyeuza shamba la wazazi na kuweka fedha zote pale, linabadilisha mengi. Ndiyo sababu kura ya kuhama ilihitaji angalau theluthi mbili, na ndiyo sababu vyama vilibidi kuwaeleza wanachama jambo hilo kabla hawajapiga kura. Kumbukeni pia kwamba Desjardins, muungano mkubwa kuliko yote kule, ulioanzishwa na Alphonse Desjardins katika mji wa Lévis mwaka 1900, bado unasimamiwa na jimbo la Quebec mpaka leo. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba chama kikikua ni lazima kihame, mwambieni kwamba kuna waliokua na hawakuhama, na kuna waliohama kwa sababu walitaka kuhudumia watu nje ya jimbo lao. Wote walikuwa na sababu wanayoweza kuieleza.

Na sisi je, akiba zetu zinalindwa na nani? Hili naomba lisikike mpaka nyuma ya ukumbi. Bodi ya Bima ya Amana ya Tanzania, ambayo mwaka 2023 ilipandisha kiwango cha fidia kutoka shilingi milioni 1.5 hadi milioni 7.5, inawalinda wenye amana katika benki na taasisi za fedha ambazo ni wanachama wake. SACCOS hazimo. Leseni ya taifa inakupa msimamizi mwenye meno, lakini haikupi bima hiyo. Kinga yako wewe mwanachama wa SACCOS ni mtaji wa chama, ni akiba ya lazima inayotengwa kutoka kwenye ziada, ni ubora wa mikopo, na ni macho yako mwenyewe. Nikisisitiza habari ya vitabu, nasisitiza kwa sababu hiyo.

Niseme na jambo moja kwa ninyi mnaoishi hapa mjini. Kwenu neno taifa halitishi, kwa kuwa ofisi za Tume mnaweza kuzifikia kwa daladala. Kwa mwanachama wa kijiji cha mwisho cha Chemba, mkoa wenyewe ni mbali. Anapoambiwa kwamba chama chake sasa kinatakiwa kutuma taarifa kwa mfumo wa kompyuta, na kwamba kisipotuma kitachukuliwa hatua, yeye anachosikia ni kwamba chama chake kimechukuliwa. Viongozi, mkaeleze. Mrajis Msaidizi wa mkoa, yaani msajili wa vyama vya ushirika katika ngazi ya mkoa, hajaondoka, bado yupo na malalamiko yenu yanaanzia kwake. Kilichobadilika ni kipimo, kwamba chama cha Kondoa na chama cha Ilala sasa vinapimwa kwa rula moja.

Ndugu wanaushirika, sasa tuingie kwenye kuungana kwenyewe.

Kwa nini chama kiungane na kingine? Sababu inayotajwa mara nyingi ni gharama: mhasibu mmoja badala ya watatu, mfumo mmoja wa kompyuta, ukaguzi mmoja wa COASCO (shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika), pango moja. Ni sababu ya kweli, lakini kwa mkoa kama huu wetu iko nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni mvua. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza karibu na Desemba na kuishia Aprili. Chama chenye wanachama wa uwele, mtama na alizeti peke yake kina mwezi mmoja wa kila mtu kuweka na mwezi mmoja wa kila mtu kutoa, na mvua ikikatika Februari, wakopaji wote wanashindwa kulipa kwa pamoja. Hakuna meneja, hata awe hodari namna gani, anayeweza kutoroka hesabu hiyo. Yule mkulima wa alizeti hakuangushwa na meneja wake peke yake. Aliangushwa na chama ambacho wanachama wake wote walikuwa na kalenda moja.

Tazameni sasa kalenda nyingine. Wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi huvuna mara mbili kwa mwaka. Walimu na wauguzi huingiza fedha kila mwisho wa mwezi kwa makato ya mshahara. Wafanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa hutaka mtaji mkubwa wakati wa mavuno na kuurejesha baada ya miezi michache. Watumishi wa wizara waliohamia hapa tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma wanataka mikopo mirefu ya viwanja na ujenzi. Mkiviweka vyama vya watu hawa pamoja, fedha ya mwalimu ya Novemba inamsaidia mkulima kupata mbegu, na fedha ya mkulima ya Juni inamsaidia mwalimu kupaua nyumba. Chama kilichochanganya kalenda kinaweza kuvumilia ukame ambao ungeua chama cha zao moja. Hii ndiyo faida ya kuungana ninayoiamini kwa moyo wote, na ndiyo inayonisikitisha ninapoona vyama viwili vya aina moja, vyenye wanachama wa aina moja na shida ya aina moja, vinaungana na kusherehekea. Mkiunganisha vyama viwili vya alizeti mnapata chama kikubwa cha alizeti, na Februari ikikauka mnakuwa na shida ileile, ila kubwa zaidi.

Lakini je, mnajua mnaungana na nini?

Nilipata kushuhudia mazungumzo ya vyama viwili vya wafanyakazi, vyote vya mkoa huu, vilivyotaka kuwa kimoja. Bodi zilikuwa zimekwisha kupatana. Jina jipya lilikuwa limechaguliwa, na hata kitambaa cha sare kilikuwa kimetajwa. Kwenye mizania, vyama vyote viwili vilionekana vizima: mikopo mingi, ziada kila mwaka, gawio likilipwa. Alikuwapo mama mmoja, mjumbe wa kamati ya usimamizi ya chama kidogo, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye aliomba karatasi moja tu. Aliomba orodha ya mikopo yote ya upande wa pili ikiwa imepangwa kwa umri wa deni: inayolipwa vizuri, iliyochelewa mwezi mmoja, iliyochelewa miezi mitatu, iliyochelewa zaidi ya hapo. Meneja wa upande wa pili alisema mfumo wao hautoi orodha ya namna hiyo. Mama akasema yuko tayari kusubiri ichapwe kwa mkono. Wapo waliomwona mkorofi.

Orodha ilipokuja, mambo matatu yalijitokeza. Kwanza, mikopo mingi iliyohesabiwa kuwa mizima ilikuwa imehuishwa: mtu aliyeshindwa kulipa alipewa mkopo mpya uliolipa ule wa zamani, na deni likaanza kuhesabiwa upya kama mtoto mchanga. Pili, walikuwamo wakopaji waliostaafu au kuhamishiwa mikoa mingine, ambao makato yao yalikuwa yamekoma bila mtu kuwafuatilia wala kuwaita wadhamini wao. Tatu, na hili ndilo lililowaumiza zaidi, mwajiri mmoja alikuwa anakata fedha kwenye mishahara ya wanachama bila kuziwasilisha kwenye chama. Kwenye hati ya mshahara mwanachama anaonekana amelipa, kwenye daftari la chama anaonekana anadaiwa, na fedha yenyewe iko kwa mwajiri ikifanya kazi nyingine.

Ndugu zangu, niwaulize: ziada ile iliyogawanywa kila mwaka ilitoka wapi? Ilitoka kwenye riba iliyoandikwa lakini haikupokelewa. Gawio lililipwa kwa akiba za wanachama wengine. Chama kilikuwa kinajila chenyewe, na kwa mtu wa nje kilionekana kinanenepa.

Muungano ule haukuvunjika, na hapo ndipo ninapotaka msikilize kwa makini. Wanachama wa chama kidogo walikaa, wakapiga hesabu upya, wakasema: mikopo isiyolipika tuitengee fedha kwanza kutoka kwenye akiba ya chama chenu, hisa zenu zihesabiwe kwa thamani iliyobaki, mwajiri yule apelekewe madai kwa maandishi na nakala kwa Mrajis Msaidizi, kisha ndipo tuitishe mkutano mkuu maalumu. Ilichukua muda mrefu kuliko bodi zilivyotaka. Kitambaa cha sare kilisahaulika. Waliopiga kura mwishoni walijua wanachokipigia, na waliokuwa upande wenye hasara walikubali, kwa sababu hakuna aliyewadhalilisha. Walionyeshwa tarakimu zao wenyewe. Kama mama yule asingeomba ile karatasi, hasara ya watu wengine ingehamia kwenye daftari lake na la wenzake siku ya kwanza ya muungano, na hakuna mwanasheria ambaye angeweza kuirudisha.

Kwa hiyo nikisema vitabu viwekwe mezani, sisemi ripoti nzuri yenye picha ya mwenyekiti. Nasema umri wa madeni. Nasema orodha ya mikopo iliyohuishwa. Nasema barua za waajiri na tarehe ambazo makato yalifika kweli benki. Nasema mikopo ya wajumbe wa bodi na ya meneja, kila mmoja na kiasi chake. Nasema kesi zilizoko mahakamani, na ukomo wa madeni ulioidhinishwa, na taarifa ya mwisho ya mkaguzi pamoja na barua yake kwa menejimenti, ile barua ambayo mara nyingi haifiki kwenye mkutano mkuu.

Jambo la tatu ninalotaka kulisema linahusu sauti.

Nchi yetu imewahi kuunganisha ushirika kwa amri. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walijenga shirikisho la Victoria, lililokuwa miongoni mwa miungano mikubwa ya ushirika wa Waafrika katika bara hili, na lilijengwa kutoka chini, chama kwa chama, wakulima wakipiga vita wizi wa mizani. Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais ilichunguza malalamiko ya wakulima nchini kuhusu uendeshaji mbovu wa vyama, na malalamiko mengi yalikuwa ya haki. Baada ya hapo vyama vikuu vikapangwa upya, na shirikisho la Victoria likawa chama kikuu kimoja cha Nyanza. Mwaka 1976 Serikali ikavifuta vyama vikuu vyote, kazi zake zikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Miaka sita tu baadaye, mwaka 1982, ikatungwa sheria ya kuvirudisha, kwa sababu ilionekana kwamba kile kilichofutwa hakikuwa na mbadala.

Mzee mmoja wa hapa Dodoma, aliyekuwa karani wa chama wakati ule, aliwahi kunieleza jinsi ilivyokuwa. Hakuzungumza juu ya siasa. Alisema kilichomuuma ni kwamba wanachama walipokuja kuuliza hisa zao ziko wapi, yeye hakuwa na la kuwajibu, na hakukuwa na mkutano wa kuwapeleka wakaulize. Ushirika ulirudishwa kwa sheria, lakini imani ya wazee wale haikurudi kwa sheria, na wengine walikufa wakiwakataza watoto wao kujiunga. Tukitafuta kwa nini kijana wa Dodoma leo anaona ni afadhali kukopa kwenye simu kwa riba inayomkausha kuliko kuingia chamani, sehemu ya jibu iko huko.

Sheria ya sasa haisemi muungano uje kwa amri. Uamuzi ni wa mkutano mkuu, Mrajis anaidhinisha. Lakini amri inaweza kuja kwa sura nyingine. Inaweza kuja kwa bodi kusema: tusipoungana mwezi huu tutanyang'anywa leseni. Inaweza kuja kwa notisi ya mkutano kubandikwa siku chache kabla, tena mjini, wakati wa palizi, ili wenye kuuliza wasifike. Je, kura iliyopigwa na watu wachache wenye nafasi, wakati wengine wote wako shambani, ni kura ya chama?

Na hata kura ikiwa safi, sauti inaweza kupotea baadaye. Katika chama cha kijiji, mwanachama mmoja ana kura moja na kila mmoja anasimama mwenyewe. Chama kikishakuwa na maelfu ya watu katika wilaya kadhaa, mkutano mkuu unakuwa wa wawakilishi. Chama chenye walimu wengi na wakulima wachache kitajaza walimu kwenye bodi bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya, na baada ya miaka michache mkopo wa pembejeo utaonekana ni usumbufu, kwa kuwa hauna makato ya mshahara nyuma yake. Msiliachie jambo hili wema wa watu. Liandikeni kwenye masharti ya chama kipya kabla ya kura, kwa sababu baada ya kura wenye wingi ndio watakaoyabadili. Andikeni kwamba kila kanda itakuwa na nafasi zake kwenye bodi. Andikeni kwamba wawakilishi watachaguliwa kwenye mkutano wa kanda, mahali ambapo mwanachama anaweza kufika kwa miguu au kwa bodaboda. Andikeni kiwango cha mkopo ambacho kamati ya tawi inaweza kuidhinisha bila kusubiri makao makuu, kwa kuwa kamati ya Hombolo inamjua mkulima wa Hombolo, inajua kama mizabibu yake ilishambuliwa na ukungu au kama alikuwa mvivu wa kupogoa, na ujuzi huo hautoki kwenye kompyuta yoyote. Mrejesho wa mikopo midogo vijijini umesimama miaka yote hii juu ya kujuana. Tukiutupa ujuzi huo kwa jina la ukubwa, tutapata taarifa safi za mikopo mibovu.

Nisiwaache pia na fikra kwamba kuungana ndiyo njia pekee. Vyama viwili vinaweza kuajiri mhasibu mmoja na kuchangia mfumo mmoja wa kompyuta huku kila kimoja kikibaki na bodi yake na vitabu vyake. Vyama vinaweza kuweka mtaji pamoja ngazi ya juu bila kujifuta chini. Tarehe 28 Aprili 2025, hapa hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Benki ya Ushirika, ambayo ilitokana na kuunganishwa kwa benki ya ushirika ya Kilimanjaro na benki ya wananchi ya Tandahimba, na ambayo vyama vya ushirika vimo katika umiliki wake. Hakuna SACCOS iliyolazimika kufa ili benki ile izaliwe. Kwa vyama vyenye afya lakini vidogo, ushirikiano wa namna hiyo unaweza kutosha, na kwa vyama ambavyo mtaji wake umeshuka chini ya kinachodaiwa na leseni, kuungana mapema, vikiwa bado na kitu cha kuleta mezani, ni bora kuliko kungoja mpaka mfilisi aitwe.

Ndugu Mwenyekiti, najua kwamba baadhi ya bodi zilizoko hapa zimekwisha kuanza mazungumzo, na kwamba mikutano mikuu maalumu inatazamiwa baada ya mavuno. Maombi yangu kwa bodi hizo ni mawili. Notisi ipelekwe mapema, pamoja na vitabu vya pande zote mbili, kwa Kiswahili na kwa tarakimu ambazo mtu aliyemaliza darasa la saba anaweza kuzifuata. Na mikutano ya kanda itangulie mkutano mkuu, ili maswali yaulizwe mahali ambapo watu hawaogopi kipaza sauti. Kwenu wanachama, ombi ni moja. Siku hiyo mkifika, kabla hamjazungumzia jina jipya wala ofisi mpya, mmoja wenu asimame aulize makato ya miezi sita iliyopita yaliingia benki tarehe gani, na asikae mpaka asomewe tarehe hizo.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Namrudishia Mwenyekiti nafasi kwa ajili ya maswali, na ningependa waliotoka vijijini waanze.